Kilima cha Odongo

Mchoro wa Odongo ulipaswa kuwa bapa kama meza. Badala yake, katikati palikuwa na kilima. Nilihamisha macho kwenye mchoro wa kushoto, wa Apio, dada yake pacha, ambao ndio ulipaswa kuwa na kilima kirefu, nikakuta kilima kilekile cha wastani: kimo kilekile, mteremko uleule, kana kwamba mtu alichora kimoja kisha akaikunja karatasi wino ungali mbichi.

Nilizima kompyuta, nikaiwasha tena. Vilima havikuondoka.

Katika maabara yetu ndogo ya Tororo tulikuwa tunachunguza damu ya watoto wenye selimundu, na ya ndugu zao wasio na ugonjwa huo. Kila seli ya mtu ina uzi wa vinasaba wenye urefu wa mita mbili hivi, na uzi huo haukai ovyo. Umezungushwa kwenye vidonge vidogo vidogo vya protini, maelfu kwa maelfu, kama uzi wa fundi cherehani kwenye bobini. Palipokazwa sana, hakuna kinachoweza kusomeka. Palipolegea, jeni inasomeka na kufanya kazi yake.

Mtoto akiwa tumboni hutumia jeni moja ya damu. Baada ya kuzaliwa, jeni hiyo hufungwa, hukazwa na kuwekwa kando, halafu nyingine hufunguliwa badala yake. Kwa mtoto wa selimundu, ile ya pili ndiyo mbovu. Ile ya kwanza ni nzima kabisa; imefungwa tu. Nilipofundishwa jambo hili chuoni nilikaa siku nyingi nikiwaza: mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, na damu njema anayo mwenyewe ndani yake, imefungwa.

Apio alikuwa na miaka sita. Kwa miezi sita alikuwa akipewa dawa inayoilegeza ile jeni ya tumboni, vidonge vinne vyeupe kila siku. Sisi tulitia kwenye seli zake kimeng'enya ambacho hukata uzi mahali palipo wazi tu. Vipande vikahesabiwa kwa mashine huko Kampala, na hesabu ikarudi kwetu ikiwa mchoro. Palipo wazi pana kilima. Palipofungwa ni bapa. Odongo hakuwa mgonjwa na hakuwa na dawa. Yeye alikuwa wa kulinganishia tu.

"Umebadilisha tyubu," alisema Hasifa, mwenzangu wa maabarani, akichungulia juu ya bega langu huku akitafuna karanga.

"Sijabadilisha."

"Basi wamebadilishana wenyewe. Mapacha hao, dada. Ukigeuka tu, huyu anakaa kwa yule."

"Hasifa."

"Nacheka tu. Lakini Daktari hatacheka." Akaacha kutafuna. Alizaliwa mjini Busia, katika familia ya wauza duka, na kila jambo hulipima kama bidhaa. "Hebu ngoja. Ukibadilisha sahani ya pilau na sahani tupu, bado moja ina pilau. Hapa kila sahani ina nusu. Hii si kubadilisha. Hii ni kuchanganya. Umemimina hii kwenye ile?"

Nilihisi masikio yakiwaka. Sikukumbuka kumimina, lakini nilikumbuka jambo jingine, na hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Siku niliyotoa damu nyumbani kwao Lumino, Apio alilia. Nilipomaliza aliomba aishike tyubu yake, na mimi, kwa kumhurumia, nikampa. Ilikuwa na joto, akaifumbata kama yai. Bibi yao akaniuliza, "Na huyu?" Nikampa Odongo naye yake. Kisha nikainama kwenye mkoba kutafuta kalamu. Lebo niliandika baadaye. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba lebo huandikwa kwanza, ndipo damu itolewe. Nilipoinua kichwa watoto walikuwa wamekaa palepale, kila mmoja na tyubu yake, nami nikaamini kwamba ni yake.

Mchana huo nilikwenda kwa Daktari Emuron. Ni mtu wa sauti ya chini, na kwa sababu hiyo namwogopa zaidi. Aliitazama karatasi ya michoro, akafuta miwani, akaitazama tena.

"Msichana bado anaugua?"

"Amelazwa mara tatu mwaka huu, Daktari. Mara ya mwisho wiki mbili zilizopita."

"Vidonge anamaliza?"

"Anamaliza. Mama yao analeta pakiti tupu kila mwezi. Hakijawahi kubaki hata kimoja."

"Kwa hiyo dawa anakunywa yote, na jeni inafunguka nusu tu. Na huyu asiyekunywa, inafunguka vilevile." Akaiweka karatasi mezani. "Hebu niambie wewe, Atai, tukio hili linaitwaje?"

Niliitazama ile karatasi, vilima viwili.

"Kamati ya dawa inakaa Ijumaa," alisema. "Unajua kanuni. Dawa hii hupunguza chembe za kupigana na maradhi. Mtoto tunambebesha hatari hiyo kwa sababu inamsaidia. Kama haimsaidii, tunamwondoa, anapewa mwingine nafasi. Kwa karatasi hii, Apio anaondolewa."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilizungumza nikitazama mguu wa meza. "Daktari, siku ile lebo niliandika baada ya kutoa damu. Watoto walikuwa wamezishika tyubu."

Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi. Kisha akasema nikapime kilichobaki kwenye friza. Apio ni msichana na Odongo ni mvulana. Damu ya mvulana ina kromosomu ya kiume, na ya msichana haina. Kipimo hicho hakidanganywi na lebo.

Nilikifanya siku hiyohiyo, Hasifa akiwa amesimama nyuma yangu, safari hii bila karanga. Tyubu ya Odongo ilikuwa na kromosomu ya kiume. Ya Apio haikuwa nayo hata chembe. Hazikubadilishwa, wala hazikuchanganywa. Kila lebo ilikuwa mahali pake.

Ungedhani ningefurahi. Kosa langu lilikuwa limefutwa. Lakini nilikaa kwenye kigoda, maana nilikuwa nimelitegemea kosa lile. Lilikuwa maelezo. Bila hilo sikuwa na maelezo yoyote, na Apio alikuwa na siku tatu.

"Labda mapacha wanaambukizana," alisema Hasifa taratibu, bila kucheka.

"Jeni haziambukizwi."

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyesoma hizo nyuzi."

Daktari alinipa Jumatano. Niende Lumino, nitoe damu upya, lebo kwanza. Gari la maabara liliniteremsha kwenye njia ya kuingia kwao saa tano asubuhi, nami nikatembea kati ya mihogo nikiwa na kisanduku cha barafu, nikijirudia moyoni: lebo kwanza, lebo kwanza.

Bibi yao anaitwa Felistus, ila kijiji kizima humwita Nalongo, jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Yeye ni Msamia, mimi ni Mteso. Lugha yake siijui na yangu haijui, kwa hiyo hukutana katika Kiswahili cha mpakani. Watoto humwita kukhu, bibi, nami nilijikuta namwita hivyohivyo. Mama yao, Justine, huuza vitenge upande wa Kenya na kuja nyumbani Jumapili. Katika familia zote tulizoomba, karibu nusu zilikataa yule mtoto mzima achomwe sindano. Nalongo peke yake alifurahi. Siku ile ya kwanza alisema, "Ndiyo, wote. Vizuri sana." Nilidhani anapenda sayansi.

Nilimkuta kwenye mkeka uani, Apio kati ya magoti yake, akimfungua nywele alizosukwa kwa uzi mweusi. Odongo alikaa kando. Naye kisogoni alikuwa na fundo moja la uzi, lililoshika nywele fupi kama tano hivi.

"Karibu, binti. Umerudia damu? Ile mlikunywa yote?"

"Tunapima tena, kukhu. Kulikuwa na jambo hatukulielewa." Kisha nikauliza, kwa sababu fundo lile lilinichekesha, "Odongo naye amesukwa?"

"Dada yake anasukwa. Yeye akae tu?"

"Linauma," alisema Odongo, bila kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa.

Niliandika lebo. Nilizisoma kwa sauti. Nikatoa damu ya Apio, ambaye safari hii hakulia, ila alinitazama usoni muda wote kwa macho yake ya manjano manjano. Nilipomchoma Odongo alisema, "Sasa tuko sawa," na Apio akaitikia kwa kichwa. Tyubu niliziweka kwenye barafu mara moja, ingawa wote wawili walinyoosha mikono.

Nalongo akaniambia nisiondoke bila kula. Kulikuwa na muhogo wa kuchemsha na yai moja. Alilimenya lile yai, akakata kipande cha uzi wa nywele, akauzungusha katikati ya yai na kuuvuta. Yai likagawanyika sawasawa, kiini nacho nusu kwa nusu. Apio nusu, Odongo nusu. Walilinganisha vipande vyao kabla ya kula.

Kisha akaleta pakiti ya dawa na vijiko viwili.

Niliviona vijiko viwili na bado sikuelewa. Alivitoa vidonge, vinne, akavipanga kwenye kisosi. Akatia viwili kwenye kijiko kimoja, maji kidogo, vikalainika. Akatia viwili kwenye kijiko cha pili, maji kidogo. "Mukhwana," alimwita Apio kwa jina la Kisamia la pacha wa kwanza, na Apio akafungua kinywa. Kijiko cha pili kilikuwa kimeshafika kwa Odongo.

Nilinyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani. Alikwisha kumeza.

"Kukhu," nilisema. "Huwa unafanya hivi?"

"Hivi nini?"

"Dawa. Unawagawia."

"Viwili huyu, viwili yule. Kila siku. Sijaacha hata siku moja, muulize Justine." Aliongea kwa fahari, kama anayeripoti kazi aliyokabidhiwa na kuitimiza. "Karatasi yenu ilisema vinne. Vinne navigawa."

Kuku alipita juu ya mkeka. Kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa nafuu, na nilikionea aibu: vilima vilikuwa vya kweli, kila kimoja nusu, kama yai. Cha pili kilikuwa hofu.

"Kukhu, dawa ile ni ya Apio peke yake."

"Apio ana peke yake gani? Huyu ni pacha."

Nilijaribu kueleza. Nilianza vibaya, nikasema seli, nikasema protini, nikaona uso wake ukijifunga. Kisha nikatazama kichwa cha Apio, nusu kimefunguliwa, nusu bado kimezungushiwa uzi, nikaanza tena.

"Ndani ya damu yake kuna kitu kizuri kimefungwa. Alikuwa nacho akiwa tumboni kwa mama yake. Alipozaliwa kikafungwa, kama unavyofunga nywele hizi. Hakikuharibika. Kimefungwa tu. Dawa inafungua fundo hilo."

"Fundo moja?"

"Hilo moja. Mengine yanabaki."

Alishika msuko mmoja wa Apio. "Na vidonge viwili?"

"Vinafungua nusu."

Akaufungua uzi wa msuko ule polepole, ukazunguka na kuzunguka, mpaka katikati, akaacha. Nywele za nusu ya juu zikatoka, za nusu ya chini zikabaki zimekazwa. "Hivi?"

"Hivi."

Alichukua kitana, akakipitisha. Kilikwama. Apio akasema, "Aa." Nalongo akajaribu tena, kwa upole zaidi, kikakwama palepale. Alikaa na kitana mkononi.

"Hakipiti," alisema.

"Hakipiti, kukhu."

"Kwa hiyo miezi hii yote analia, mimi nafungua nusu."

Aligeuka kumtazama Odongo, ambaye alikuwa akilamba chumvi ya yai vidoleni.

"Na huyu? Huyu tumemfungua nini?"

"Kilekile. Lakini yeye hakukihitaji. Damu yake nyingine ni nzima."

"Nimemdhuru?"

Chuoni walitufundisha tusiwatie watu hofu, na pia walitufundisha tusidanganye. Hawakutufundisha cha kufanya mambo hayo mawili yanapokutana mkekani. "Sijui, kukhu," nilisema. "Dawa ile inaweza kupunguza nguvu ya damu kupigana na homa. Damu yake ninayo hapa. Tutaipima leo."

Hakulia. Alimvuta Odongo akamkalisha upande mmoja, Apio upande mwingine, akaanza kusema akiwa ameyaelekeza macho kwenye mihogo.

"Nalizaa wawili, mimi. Justine na mwenzake mvulana. Surua ikaingia hapa. Ikamshika Justine. Nikampeleka hospitali, wakamchoma sindano, wakampa dawa ya chupa, siku kumi tuko huko. Yule mzima nikamwacha kwa mama mkwe. Nani anapeleka mtoto mzima hospitali? Wazee wakaniambia, Felistus, umempa mmoja, umemnyima mmoja. Mimi nikacheka, nalikuwa nimesoma mpaka darasa la saba." Akamfuta Odongo vidole. "Nimerudi na Justine mzima. Yule mwingine tulimzika kesho yake."

Najua surua inavyoambukiza. Ningeweza kumweleza: pacha wa nyumbani alikuwa ameshaambukizwa kabla hawajaondoka. Ni kweli, na ingekuwa rahisi kusema. Lakini yeye alikuwa na ushahidi wake na mimi nilikuwa na wangu, na wa kwake ulikuwa na kaburi. Nilibaki na sentensi yangu mdomoni, nikaimeza.

"Mimi nilidhani kosa ni langu," nilisema badala yake. Nikamweleza kuhusu tyubu, jinsi nilivyowapa washike kabla ya kuandika majina.

"Kwa nini uliwapa?"

"Apio aliomba."

"Na Odongo?"

"Ulisema, na huyu? Nikaona si vizuri kumnyima."

Nalongo alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia. "Basi," alisema. "Hata wewe."

Nilikwenda pembeni, karibu na banda la kuku, nikampigia Daktari Emuron. Nilimweleza yote niliyoyaona.

"Vijiko viwili," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Tuliuliza kama vinamalizwa. Hatukuuliza nani anavimaliza." Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akatoa maagizo, moja baada ya jingine. Odongo aache leo hii. Damu yake ihesabiwe mchana huu. Michoro ya mapacha itolewe kwenye utafiti, haifai tena. Apio ataendelea na dawa, vinne, na damu yake ipimwe kila mwezi. Ijumaa yeye mwenyewe atasimama mbele ya kamati aeleze kwamba mtoto hajawahi kupewa dozi yake hata siku moja. "Lakini, Atai," aliongeza, "bibi lazima akubali. Akiendelea kugawa, nitamwondoa mtoto mimi mwenyewe, kwa usalama wa yule mwingine."

Nilirudi mkekani na maneno hayo, nikayasema yote, hata la mwisho.

Nalongo alisikiliza. Kisha akauliza swali moja tu. "Na huyu nimpe nini?"

"Asipewe dawa, kukhu. Hana ugonjwa."

"Nimesikia hana ugonjwa. Nauliza, dada yake akifungua kinywa, huyu nimpe nini?"

Nilikuwa na peremende mkobani, za kubembeleza watoto baada ya sindano. Nilizitoa. Akazitazama bila kuzigusa. "Peremende si dawa. Anajua. Mimi pia najua."

Niliwaza vitamini. Niliwaza kidonge kingine chochote cheupe, kisicho na kitu ndani, na mwenyewe nikashtuka kwamba nimewaza hivyo. Ningeweza kumdanganya na pengine angeridhika, na mapacha wangekuwa salama kwa uongo wangu. Nilisema, "Sijui, kukhu." Nilikuwa nimesema sijui mara nyingi zaidi siku ile kuliko mwaka mzima.

Akafikiri. Apio alikuwa ameshajilaza kwenye paja lake, na msuko wake uliofunguliwa nusu ukining'inia shavuni.

"Vidonge ni vinne," alisema Nalongo.

"Vinne."

"Huyu atakunywa maji. Vijiko vinne. Navihesabu."

"Maji tu?"

"Nimesema vinne."

Sikuelewa. Kama maji yanatosha, kwa nini peremende hazikutosha? Kama hesabu ndiyo inayolinda, kwa nini haikuwa hesabu toka mwanzo? Nilimtazama nikitumaini atanieleza, kama yeye alivyokuwa amenitazama nilipotaja protini. Hakunieleza. Alirudi kwenye ule msuko, akaufungua mpaka mwisho, akapitisha kitana, kikapita.

Hesabu ya chembe za kinga za Odongo ilikuwa chini kidogo, si ya kutisha, na baada ya wiki tatu ilipanda. Ijumaa kamati iliahirisha uamuzi kwa miezi mitatu. Hasifa alipenda kunikumbusha habari ya sahani. "Si nilisema kila sahani ina nusu? Mimi ningekuwa daktari."

"Ulisema nimechanganya."

"Nilikuwa njiani kufika."

Miezi mitatu hiyo sikulala vizuri. Kila Jumatatu nilimpigia Justine simu nikamuuliza kama Apio yuko salama, na yeye akasema yuko salama, na mimi nikakata simu nikijiuliza kama vijiko bado ni vinne vya maji. Bibi aliahidi. Lakini angefanyaje siku ambayo Apio angeshikwa na homa? Hofu ya miaka thelathini haifungwi kwa ahadi ya mchana mmoja.

Mwisho wa miezi hiyo nilitoa damu tena, na majibu yaliporudi niliyafungua nikiwa peke yangu. Kushoto, mchoro wa Apio ulikuwa na kilima kirefu hata kilele chake kilikaribia kukatwa na ukingo wa juu. Kulia, mchoro wa Odongo ulikuwa bapa. Karibu bapa. Palikuwa na kijinundu kidogo pale katikati, kama tuta la sisimizi. Nilimwonyesha Daktari. Alisema huenda ni kelele za mashine, yaani makosa madogo ya kuhesabu. Huenda fundo huchukua muda kukazika. Huenda.

Apio alibaki kwenye dawa. Hakuwa amelazwa hata mara moja tangu siku ile ya mkeka.

Nilichapisha nakala ya karatasi nikaipeleka Lumino mwenyewe, ingawa hakuna aliyenituma. Nilifika wakati wa dawa. Apio alimeza vidonge vyake vinne akakimbia. Odongo alisimama wima mbele ya bibi yake, naye akamhesabia maji kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, uso wa bibi ukiwa umekazika kama wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Baada ya cha nne alipumua.

Nilimwonyesha karatasi. Kwanza kilima cha Apio. Alikipapasa kwa kidole, akapanda nacho, akashuka nacho. "Fundo limefunguka lote?"

"Karibu lote, kukhu."

Kidole kikahamia kulia, kikapita kwenye ule mstari, kikakigusa kijinundu, kikasita. Nilisubiri. Sikumuuliza, na hakuniambia.

"Kwa hiyo huyu mmemfunga tena," alisema.

"Ndiyo."

"Na hajafa."

"Hajafa, kukhu."

Alitazama uani. Odongo alikuwa akimfukuza dada yake kuzunguka banda la kuku, na kwa mara ya kwanza hakuwa akimfikia. Nalongo alitazama hilo muda mrefu. Kisha watoto wakaja mbio, wote wawili, wakiitaka karatasi, Apio akiivuta huku na Odongo akiivuta kule.

"Ngojeni," alisema bibi yao.

Aliikunja karatasi katikati kwa makini, akapitisha ukucha wake kwenye mkunjo, akaichana sawasawa kama alivyolikata lile yai. Nusu moja akampa Apio, nusu moja akampa Odongo. Nilitazama. Apio alikuwa amepewa mstari bapa wa Odongo, na Odongo alikuwa anakimbia na kilima cha dada yake mkononi.

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba amebadilisha. Nikaufunga.